Sifuri Iliyoficha Mafuta
Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco nchini Marekani: mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa hidrojeni. Ufundi huo ulibuniwa na mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann.

Yakigandishwa nusu tu, mafuta hayo huzaa transi, aina ya mafuta inayopandisha kolesteroli mbaya na kushusha iliyo nzuri. Hata hivyo, sheria ya Marekani haikulazimisha lebo kuitaja hadi Januari 2006. Na hapo napo mwanya ulibaki: chini ya gramu 0.5 kwa kipimo kimoja, mwenye kiwanda aliandika 0. Aliyemaliza pakiti nzima ya biskuti, yenye vipimo kadhaa, alidhulumiwa waziwazi. Ukweli aliupata kwenye orodha ya viambato pekee.

Denmark ilikuwa imeshaweka kikomo cha transi mwaka 2003: asilimia 2 ya mafuta.