Picha ya Pakiti na Sigara Moja Moja: Habari za Msimbazi

Swali la kama picha ya kutisha juu ya pakiti ya sigara humzuia mtu kuvuta huulizwa sana na waganga na watunga sheria, lakini wanahistoria hawajalijali. Ingefaa nao waliulize, kwa kuwa pakiti ya sigara ina historia yake, na katika Msimbazi historia hiyo hujibu swali kwa namna isiyotazamiwa na wanaolipima kutoka mbali.

Msimbazi ni jina la mto na bonde lake, kisha ni jina la barabara ikatayo Kariakoo, na wapenzi wa mpira wamelifanya kuwa kama ubini wa klabu ya Simba. Kariakoo nayo ilipata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo baada ya Dar es Salaam kutwaliwa mwaka 1916. Tangu siku hizo mahali hapa pamekuwa pa watu wapitao: mpagazi, kuli, mchuuzi, mgeni aliyeshuka jana kutoka bara. Watu wa namna hii hununua kidogo kidogo, kwa kadiri ya fedha iliyomo mfukoni saa ile. Kibaba cha mchele, fungu la nyanya, kijiko cha majani ya chai: haya ndiyo mahesabu ya Msimbazi, na sigara haikuepukana nayo.

Wauzaji wa sigara waliijua hali ya wanunuzi wao vema kuliko serikali ilivyoijua. Katika Afrika ya Mashariki ya zamani ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, pakiti ilisema kwa picha. Crescent & Star ilikuwa na mwezi na nyota; Crown Bird ilikuwa na ndege mwenye taji; Sportsman ilikuwa na farasi. Mnunuzi asiyejua herufi hata moja aliweza kunyosha kidole na kupata alichokitaka. Tusiuone ujanja huu kuwa mdogo. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa yapata watu wazima wawili katika kila watatu wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa watu hao mwezi na nyota ilikuwa hati kamili: ilitaja ladha, bei na heshima ya mvutaji. Kwa hiyo asemaye leo kuwa kuweka picha juu ya pakiti ni uzushi wa wageni ameanza hadithi katikati. Picha ilikuwako tangu mwanzo, ila ilifanya kazi ya tajiri.

Upande wa pili, habari za madhara zilikwenda kwa herufi, tena kwa Kiingereza. Doll na Hill walitangaza uchunguzi wao juu ya sigara na saratani ya mapafu huko Uingereza mwaka 1950. Chuo cha kifalme cha matabibu wa London kilitoa taarifa yake mwaka 1962, na mganga mkuu wa Marekani akatoa yake tarehe 11 Januari 1964. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1961, kati ya habari hizo. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, British American Tobacco ilikuwa miongoni mwa makampuni ambayo serikali ilitwaa sehemu kubwa ya hisa zake, na mwaka 1975 kiwanda kikawa mali ya umma kabisa. Basi dola ile ile iliyojenga zahanati vijijini iliuza sigara mjini, na mkulima wa tumbaku wa Urambo alihesabiwa kuwa nguzo ya taifa. Silitaji jambo hili kwa kejeli. Nchi maskini ilihitaji fedha, na Uingereza tajiri, iliyokuwa na ushahidi mlangoni, haikuweka onyo juu ya pakiti zake hata mwaka 1971. Kiwanda kiliuzwa kwa wageni katika miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 1999 kikawa chini ya Japan Tobacco.

Sheria ya Tanzania ya kusimamia bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, mwaka uliopitishwa pia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Mkataba huo wataka onyo lijaze nusu ya uso wa pakiti, au angalau asilimia 30, na waruhusu picha. Tanzania ilichagua maneno. Morisi ilitangulia Afrika kwa picha mwaka 2009. Uganda ikaziagiza katika sheria yake ya mwaka 2015. Kenya ikaziweka katika kanuni za mwaka 2014, zikapingwa na kampuni ya sigara mahakama hata mahakama, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitupa rufani hiyo Novemba 2019. Kwa nini kampuni igharimie mawakili miaka mingi kupinga kitu kisichomzuia mtu kuvuta? Jibu silo ushahidi kamili, lakini lina uzito wake.

Ushahidi ulio bora upo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, wavutaji 2,149 wa North Carolina na California walileta sigara zao kila juma kwa majuma manne. Pakiti za baadhi yao zikabandikwa picha, na za wengine maneno tu. Katika kila wavutaji 100 wenye picha, 40 walijaribu kuacha. Katika wenye maneno, 34. Walioacha kwa siku saba au zaidi mwishoni mwa jaribio walikuwa asilimia 5.7 kwa 3.8. Husemwa kuwa mtu huificha picha asiione. Lakini uchunguzi wa Kanada, nchi iliyotangulia dunia kwa picha hizi mwaka 2001, haukuona kuwa wanaozikwepa wana nia ndogo ya kuacha kuliko wengine. Basi picha husaidia, si kwa wingi wa kustaajabisha, bali kwa kadiri inayostahili kutafutwa.

Lakini na tutazame jaribio lile lilivyofanyika. Kila mvutaji alileta pakiti yake. Aliitoa mfukoni mara nyingi kwa siku, na kila mara picha ilimtazama. Sasa twende Msimbazi. Mchuuzi amesimama penye kivuli na kisanduku cha mbao chenye pipi, njugu na sigara, na kiberiti cha gesi kimening'inia kwa kamba. Mtu huja, hutoa sarafu, husema, "Kaka, nipe moja." Hupewa moja, huiwasha hapo hapo, huenda zake. Pakiti haikugusa mkono wake. Onyo lote la sheria, liwe la maneno au la mapafu meusi, limebaki kwa mchuuzi, ambaye huenda havuti kabisa. Zaidi ya hayo, ndiye achaguaye upande wa pakiti utakaoelekea barabarani. Naye, kama muuzaji ye yote, atageuza mbele ulio mzuri. Mwezi na nyota ilimfaa mnunuzi wa sigara moja kwa sababu muuzaji alitaka aione. Picha ya ugonjwa haina rafiki kama huyo katika biashara.

Kenya iliona mlango huu, ikakataza katika sheria ya mwaka 2007 sigara kuuzwa nje ya pakiti. Ni rahisi kuandika, ni vigumu kusimamia, kwani atakayekamatwa kwanza ni kijana mwenye kisanduku, si mwenye kiwanda. Mimi nisingependa kuiona amri hiyo ikianza Kariakoo kwa virungu.

Kuna njia ya kale tuliyoisahau. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapata milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Walizungumza juu ya malaria, safura na kichocho, kisha wakachimba vyoo. Onyo lile lilikuwa na jirani wa kulijadili, jambo ambalo pakiti haina. Tumbaku haikuwa katika masomo yale.

Tangu Agosti 2023 Kanada imeagiza onyo lichapwe juu ya kila sigara, penye karatasi inayozunguka kishungi. Huko mvutaji amezoea kununua pakiti nzima, na amekwisha kuonywa kabla hajaifungua. Mnunuzi wa Msimbazi hana ila ile moja. Jina la sigara tayari huchapwa juu ya karatasi hiyo hiyo, na kiwanda kiko Barabara ya Nyerere, si mbali na soko.