PS4 Ama PS5? Vile Msee wa Eastlando Anafaa Kununua Konsoli Bila Kuchomeka

Kuanzia Jericho hadi Kayole, swali kwa base ni moja: ukishika doh, unachukua PS4 ama PS5? Na unanunua saa hii ama unangoja? Kwa wasee wengi hii ni akiba ya mwaka mzima, so kabla upande mat ya kwenda Luthuli, soma hii.

PS4 ndio mashine ya mtaa. Ilitoka 2013, Slim na Pro zikafuata 2016, na bado inadunda. FC 26 ya Septemba 2025 iko na toleo la PS4. Kitu wauzaji hawakuambiangi ni kwamba toleo hilo halina HyperMotion, ile teknolojia inafanya wachezaji wakimbie kama wa ukweli. Kama unataka tu kumfunga jirani mabao, hautaisikia sana.

Shida ni GTA VI. Hiyo PS4 haitaiona. Ni ya PS5 na Xbox Series pekee. Ilikuwa itoke 2025, ikawa 26 Mei 2026, kisha Rockstar wakaisongesha hadi 19 Novemba 2026. Kununua PS5 mapema juu ya game imeahirishwa mara mbili ni haraka ya bure.

Lakini usingoje ukidhani bei itaanguka kama zamani. PS5 ya Digital ilianza na dola 399 Marekani mwaka wa 2020. Agosti 2025 Sony wakaifikisha 499. Hapo bado haujaweka usafiri, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji.

Xbox Series S huwa bei poa, na hapo ndipo wengi huingia mtego: haina mahali pa diski. Mtaa wetu unaishi kwa kubadilishana diski. Bila hiyo, kila game ni GB kibao, na kama kwa keja unategemea bando za simu, utalia. PS5 Pro pia huja bila diski. PS5 Digital ya umbo la Slim unaweza kuiongezea kifaa cha diski baadaye, ila mara ya kwanza lazima iunganishwe na intaneti.

Unachukua second-hand? Usilipe kwa stage. Iwashwe, cheza nusu saa, sikiza feni, ingiza diski, tingisha waya ya HDMI uone kama picha inapotea. Ingia PSN na akaunti yako, juu mashine iliyofungiwa na Sony haitakubali. Na PS4 iliyochipiwa? Game ni za bure, lakini mambo ya kucheza mtandaoni sahau.

Namba ya mashine na ya boksi zifanane, na uitishe risiti. Kukaa na mali ya wizi ukijua ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Penal Code, na polisi wakiifuata, "nilibuyiwa na beshte" haitakusaidia.

Kenya haiko kwa orodha ya nchi za PSN, so wengi hufungua akaunti ya Marekani ama Uingereza. Fiti, lakini kadi ya kununua game lazima iwe ya nchi hiyo hiyo ya akaunti.

Saa ya kununua? Mpya, mwisho wa Novemba kukiwa na ofa. Second-hand, Njaanuary, wakati fees inafanya wasee waachilie mashine. Diski ya FC ya zamani ichukue Septemba mpya ikitoka.

Na kama unafungua kibanda cha game, PS4 mbili zinashinda PS5 moja. PS5 hula stima karibu mara mbili ya PS4 Slim, na padi zako za PS4 hazichezi game za PS5. Hizo padi mpya hata hazijaguswa na watoi wa mtaa bado.