Wasusi wa madema na swali la Hamburg

Dema likitazamwa kwa karibu ni jiometri tupu. Mianzi iliyopasuliwa hupishana ikielekea pande tatu, mmoja juu na mwingine chini, na kila mahali hubaki tundu la pembe sita. Ndiyo mitego inayotegwa kwenye miamba na majani ya bahari katika pwani ya Dar es Salaam inayopita Mbweni na Kunduchi, kuwasubiri tasi, changu na pono.

Kwa nini pembe sita? Paulus Gerdes (1952–2014), mwanahisabati wa Msumbiji, alitumia miaka mingi kuchunguza ususi wa Kiafrika. Hoja yake ilikuwa kwamba umbo hilo huzaliwa mikononi: msusi anayetaka ukuta wenye matundu lakini usiolegea hufikishwa hapo na ukindu au mwanzi wenyewe. Ni hoja nzito, maana inampa msusi heshima ya mgunduzi.

Wanahisabati wa Ulaya walilifikia jambo hilo kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Hamburg kilianzishwa mwaka 1919, kikirithi taasisi ya kikoloni ya mwaka 1908 ambako Kiswahili kilifundishwa. Mwaka huohuo wa 1919 mwanahisabati Wilhelm Blaschke aliajiriwa hapo. Miaka ya 1926 na 1927, wakiwa pwani ya Italia, yeye na Gerhard Thomsen walianza kuchunguza mistari ya aina tatu inayolifunika bapa, kila nukta ikipitiwa na mmoja wa kila aina.

Kipimo chao ni rahisi kujaribu kwa penseli. Chagua nukta, chora mistari mitatu inayoipitia, kisha anza kwenye mmoja wao na uizunguke nukta hiyo ukifuata aina moja baada ya nyingine, kila hatua ikiishia kwenye mstari unaofuata kati ya hiyo mitatu. Ukirudi ulikoanzia baada ya hatua sita, popote utakapoanzia, mtandao huo wa mistari hufunga, yaani ni wa pembe sita. Mistari mingi iliyopindapinda hushindwa: hatua ya sita hukuacha pembeni.

Kwa mistari iliyonyooka, jibu lilikuwa limeshatolewa na wanahisabati Graf na Sauer mwaka 1924. Mfano mmoja unapendeza sana. Chora duaradufu na nukta moja nje yake. Mistari yote inayoigusa duaradufu hutoa aina mbili, na mistari inayopita kwenye nukta hutoa ya tatu. Mtandao huo hufunga daima, na ukiweka parabola au haiperbola badala ya duaradufu, bado utafunga.

Miduara ni kazi ngumu zaidi. Blaschke na Gerrit Bol waliliweka swali hilo katika kitabu chao cha mwaka 1938: ni mitandao ipi ya miduara inayofunga? Walter Wunderlich alitoa mfano wake mwaka huohuo. Mwaka 2012 Helmut Pottmann, Ling Shi na Mikhail Skopenkov, wakiwa chuo cha KAUST huko Saudi Arabia, waliiainisha mitandao ya miduara iliyo juu ya nyuso fulani zilizopinda, wakifikiria pia wasanifu wa majengo. Orodha kamili ya mitandao ya miduara kwenye bapa haijapatikana. Mwanafunzi wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayetafuta mada, swali hili liko wazi kwake.