Limfoma ya Burkitt

Limfoma ya Burkitt ni aina ya saratani inayoanzia katika seli B, yaani seli nyeupe za damu zinazohusika na kinga ya mwili. Katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi ni mojawapo ya saratani zinazowapata watoto mara nyingi zaidi. Hukua haraka mno: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo inatibika, na watoto wengi hupona kabisa wakifikishwa mapema kwa madaktari bingwa na kumaliza dozi zote.

Historia

Ugonjwa huu umepewa jina la Denis Burkitt (1911–1993), daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, pande zote mbili. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo mjini Jinja, akamkuta pia na uvimbe tumboni. Alipopekua kumbukumbu za hospitali alitambua kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo, uliodhaniwa kuwa magonjwa tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha taarifa yake mwaka 1958.

Mwaka 1961 Burkitt, Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza habari za ugonjwa huo katika hospitali za njiani. Waliona kwamba hupatikana penye joto na mvua nyingi, na ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani yao ilifanana na ile ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Sampuli zilianza kupelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi vya Epstein-Barr ndivyo vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Visababishi

Virusi hivyo huenea kwa mate, na watu wengi duniani wanavyo bila kuugua saratani. Malaria ya mara kwa mara huchochea seli B kugawanyika na kudhoofisha kinga inayodhibiti virusi. Kwa kawaida vipande vya kromosomu ya 8 na ya 14 hubadilishana nafasi, na jeni MYC hubaki ikiamuru seli igawanyike bila kukoma. Saratani yenyewe haiambukizwi.

Aina nyingine za limfoma hii hutokea popote duniani, au kwa watu wenye upungufu wa kinga, kama vile wanaoishi na VVU.

Dalili na utambuzi

Barani Afrika huwapata hasa watoto wa miaka 4 hadi 7, wavulana zaidi kuliko wasichana. Dalili ni uvimbe wa taya, meno kulegea, jicho kutokeza, tumbo kuvimba na pengine miguu kupooza. Kwa kuwa meno hulegea, uvimbe unaweza kudhaniwa kuwa jipu la jino, na wiki muhimu zikapotea.

Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kinyama cha uvimbe na kukichunguza kwa hadubini. Hupimwa pia uboho na maji ya uti wa mgongo.

Tiba

Tiba kuu si upasuaji bali dawa, hasa siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Seli nyingi zikifa kwa pamoja, takataka zake zinaweza kuharibu figo. Kwa hiyo mtoto hupewa maji mengi kwa dripu na kupimwa damu mara kwa mara. Hiyo ni sababu mojawapo ya kumtibu katika hospitali yenye wataalamu wa saratani za watoto. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, ilianza kwa kutibu limfoma hii.

Katika nchi tajiri hupona takriban watoto 9 kati ya 10. Barani Afrika wanaopona ni wachache zaidi, kwa sababu ya kuchelewa, nauli, uhaba wa dawa na kuacha tiba njiani. Uvimbe unaweza kutoweka baada ya dozi ya kwanza au ya pili, lakini huko si kupona: seli zilizobaki hurudisha ugonjwa dozi zisipokamilika.