Kamera Ndani ya Kizibao

Juma hili nataka tuzungumzie miwani yenye kamera, ila nitaanzia mbali kidogo, kwenye kizibao. Mnamo 1886 mjini New York, Robert Gray alibuni kamera ya duara, bapa kama sahani, ya kuvaliwa chini ya kizibao, lenzi ikichungulia kupitia tundu la kifungo. Kampuni ya Stirn ikaiuza Ulaya na Marekani.

Mmoja wa walioinunua ni Carl Størmer, mwanafunzi mjini Oslo, ambao enzi hizo uliitwa Kristiania. Katika miaka ya 1890 alipiga kwa siri mamia ya picha za wapita njia, akiwemo mwandishi Henrik Ibsen. Mbinu yake ndiyo inayonikera: alimsalimu mtu, akangoja tabasamu la kuitikia, kisha akavuta uzi uliofichwa mfukoni. Wapo wanaozisifu picha hizo kwa uhai wake, na kweli zina uhai. Lakini salamu imefanywa chambo! Bwana huyo baadaye akawa mwanahisabati mashuhuri.

Sheria ilijikongoja. Mwaka 1902 Mahakama ya Rufaa ya New York ilimkatalia msichana ambaye sura yake ilichapwa, bila ridhaa yake, kwenye matangazo yapatayo 25,000 ya unga wa ngano. Majaji wanne dhidi ya watatu walisema haki anayodai haimo katika sheria. Wananchi walighadhibika, na mwaka 1903 bunge la jimbo likatunga sheria. Iangalie vizuri lakini: ilikataza kuitumia sura ya mtu kibiashara, kumpiga picha hakukukatazwa.

Miwani ya Ray-Ban Meta, iliyotoka 2023, huwasha kitaa kidogo inapopiga picha. Kitaa hicho humfaa anayejua maana yake tu. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba picha za miwani hiyo zaweza kulinganishwa na sura zilizomo katika intaneti, na jina la mpita njia likajulikana papo hapo. Størmer hakuliweza hilo.

Huku pwani, katika baadhi ya arusi, simu huachwa mlangoni ili kina mama wavue mabuibui wacheze bila wasiwasi. Sasa nawauliza wenye shughuli: akija mgeni ambaye bila miwani yake haoni mbele, mtamwambia aiache wapi?