Mapango ya Mangapwani



Yapata kilomita 20 kaskazini ya mji wa Zanzibar uko ufuko wa Mangapwani, wenye miamba ya matumbawe. Wageni huonyeshwa huko mahali pawili, na simulizi zake mara nyingi huchanganywa. Pa kwanza ni pango la asili lenye maji matamu. Husimuliwa kwamba liligunduliwa na mtumwa mdogo aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake. Pa pili si pango hasa, bali ni chumba kilichochongwa na binadamu ndani ya mwamba, chenye njia ielekeayo pwani. Mapokeo yasema kuwa humo watumwa walifichwa, wakingojewa majahazi ya usiku.

Kwa nini wafichwe? Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Lakini kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali Zanzibar hadi mwaka 1897, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba bado yalihitaji mikono. Bahari ilifungwa, shamba likaachwa wazi. Biashara ikageuka kuwa magendo. Magendo hayo hayakuwa hadithi tu. Mnamo Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya London aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi la watumwa lililopeperusha bendera ya Ufaransa.

Tusiyasimulie haya ili kuwanyoshea vidole jirani zetu wa dini nyingine. Wakristo wa Ulaya nao walilima miwa katika kisiwa cha Réunion kwa jasho la watumwa wa pwani hii. Hata wamisionari wa Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa wengi kwa kuwanunua.

Mangapwani yatufundisha kwamba uovu uliokatazwa nusu hautoweki, bali hutafuta pango. Binti aliyeahidiwa shule mjini, kisha akafungiwa jikoni bila mshahara, yumo pangoni. Na pango hilo halipo ufukoni. Laweza kuwa nyumbani mwa mmoja wetu anayeshiriki Misa kila Dominika. Kabla ya kuwahukumu wa kale, tufungue kwanza milango yetu.