Kabla ya Kuuza Impreza: Historia Fupi ya Gari za Familia Zilizowahi Kutoa Watu Jasho

Kuna kaka mmoja hapa mjini, jina namhifadhia, amebakiza wiki chache aitwe baba. Mwezi uliopita ndani kwake palichimbika kisa gari. Yeye na mkewe wamedunduliza hela karibu miaka mitatu, na hela yenyewe inatosha gari moja tu, sio mbili. Kaka anataka Subaru Impreza yenye turbo, ile inayonguruma mpaka jirani anageuka kitandani. Dada anataka gari yenye buti ya kuingia kigari cha mtoto, gunia la mchele kutoka kwa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe. Maneno yakawa mengi mpaka shemeji akaitwa asuluhishe. Shemeji akatoa hukumu moja: "Chagua, ukapera au familia."

Mimi nilikuwepo, nakula zangu ubwabwa wa watu, nikanyamaza. Ila kimoyomoyo nilimkatalia shemeji. Ukirudi nyuma kwenye historia ya barabara zetu wenyewe, huo mgawanyo aliousema haukuwepo kabisa. Gari ya baba na gari ya mbio ilikuwa gari ile ile moja.

Twende 1953. Mwaka ule Uingereza wanamtawaza Malkia Elizabeth wa Pili, na huku Afrika Mashariki watu wa magari wakaamua kusherehekea kwa mashindano wakayaita East African Coronation Safari. Njia ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Hakukuwa na uwanja wala lami ya maana, ni barabara zile zile za vumbi na utelezi ambazo watu walipita siku zote na mizigo yao. Halafu magari yenyewe yalikuwa ya dukani, na makundi yalipangwa kwa bei ya gari. Kwa hiyo mtu alikuwa anaweza kushindana na gari ya kawaida inayopeleka watoto shule. Mwaka uliofuata, 1954, mshindi alikuwa nani? Volkswagen, ile ile yenye umbo la kobe.

Sasa njoo 1965, hapa ndo napapenda mimi. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, akiwa na mdogo wake Jaswant, wakashinda Safari na Volvo PV544. Hiyo Volvo ukiiona kwenye picha utacheka. Ina mgongo, ina mashavu, imekaa kama bibi aliyejifunga khanga mbili. Na ilikuwa mtumba! Ilishatumika kwenye mbio kabla, wao wakainunua, wakaitengeneza kwa mikono yao, wakawapita watu wenye gari mpya. Kwa hiyo mtu akikucheka umenunua gari ya mkononi, mwambie Safari ilishawahi kushindwa na mtumba.

Tena gari hiyo hiyo ina jambo lingine, na dada yetu wa pale juu angelipenda. PV544 ni moja ya gari za kwanza kabisa duniani kutoka kiwandani na mkanda wa kufunga begani na kiunoni kwa pamoja, huu tunaotumia mpaka leo. Aliyeubuni ni Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu wengine wautumie. Gari ya usalama wa familia na gari iliyoshinda mbio ngumu, vyote kwenye bati moja.

Ikaja zamu yetu Watanzania kujidai. 1966 na 1967 Safari ilichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Waulize wazee kuhusu 404. Hiyo ndiyo gari ya mwalimu mkuu, ya mganga mkuu, ya mzee mwenye duka. Kulikuwa na ndefu yenye siti safu tatu, ukoo mzima unaingia. Na haikubahatisha, sababu 1963 na 1968 Safari zilikuwa mbaya mno, kila mwaka yalifika magari 7 tu mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Ndugu yake 504 naye akashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Hii 504 ndefu Kenya waliigeuza teksi ya kwenda mikoani, watu wamebanana kama dagaa na gari inatembea.

Kwa nini gari za familia zilikuwa zinashinda? Sababu Safari haikumtafuta anayekimbia tu, ilimtafuta anayefika. Peugeot zilikuwa na springi laini zenye safari ndefu ya kupanda na kushuka, kwa hiyo shimo linamezwa, tairi linabaki chini, dereva anabaki na usukani wake. Na kitu hicho hicho kinachomwokoa dereva wa mbio kwenye shimo ndicho kinachomwacha mtoto aendelee kulala siti ya nyuma.

Datsun nazo zilifanya yao, Shekhar Mehta alichukua Safari nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na Violet, sedani ya kawaida tu ukiitazama. Ila kuanzia hapo mambo yakaharibika kidogo. Ikaja enzi ya Group B, magari yaliyoundwa makusudi kwa mbio, ghali, makali, na ajali zikawa nyingi mpaka yakapigwa marufuku mwisho wa 1986.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza ugomvi wa ndani kwa kaka yetu. Kuanzia 1987 sheria ikawa Group A: unataka kushindana, basi kwanza utengeneze magari 5,000 ya aina hiyo ya kuuzia watu wa kawaida. Kampuni zingemuuzia nani gari 5,000 za siti mbili? Ikabidi wachukue gari ya familia yenye milango minne, waipe turbo, wairudishe dukani. Huko ndiko zilikotoka hizi zinazotunyima usingizi.

Subaru ndo walikuwa na raha yao. Jina lenyewe ni la Kijapani, ni zile nyota sisi tunaita Kilimia, ambazo wakulima wa zamani walizitazama kujua msimu. Ndo maana nembo ina nyota sita. Na ile sifa yao ya kuvuta tairi zote nne kwenye gari ya kawaida haikuanzia kwenye mbio. Shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani kwenye theluji, lilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake milimani, na 1972 ikatoka Leone ndefu ya tairi nne. Gari ya fundi umeme!

1989 ikaja Legacy, 1990 ikaletwa Safari, na Mkenya Patrick Njiru akaimaliza. 1992 ikazaliwa Impreza, tangu siku ya kwanza ikiwa na sedani na yenye buti ndefu. 1994 Njiru akashika nafasi ya 4 Safari na Impreza iliyokaribia kabisa kuwa ya dukani. Colin McRae akawa bingwa wa dunia 1995, kisha akaja kushinda Safari 1997. Richard Burns naye akashinda na Impreza 2000. Wajapani nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo wao wakizichoka, zinapanda meli. Watoto waliokua wakiona vumbi la Njiru leo wana mishahara. Unategemea wanunue nini?

(Wazungu nao walikuwa na vituko vyao. 1994 Volvo walipeleka 850 yenye buti ndefu kwenye mbio za lami Uingereza, katikati ya sedani tupu. Walipotaniwa, wakaweka mbwa mkubwa wa mwanasesere kwenye buti wakati wa kupita kusalimia watazamaji. Kikombe hawakupata, ila watu mpaka leo wanawakumbuka.)

Turudi kwa kaka. Alichokuwa hajakifikiria ni Forester. Ilitoka 1997 juu ya chesisi ya Impreza, ikainuliwa na kupewa paa refu na buti. Injini ni ile ile ya bapa, pistoni zimelala zinapigana ngumi kulia na kushoto, kwa hiyo uzito uko chini na gari haiyumbi sana kwenye kona pamoja na urefu wake. Ukiona tundu juu ya boneti kwenye zile za zamani, hiyo ina turbo. Na hapa mimi nasema wazi: turbo na mtoto mchanga kwenye mshahara mmoja na nusu, hapana. Inakunywa, inataka oili safi kwa wakati, na huyo aliyeiuza huko nyuma hujui aliikanyagaje. Hata isiyo na turbo, kubadili plagi tu ni shughuli, maana zimejificha pembeni karibu na chesisi, na sio kila fundi wa chini ya mwembe anaijua hiyo kazi. Ongeza hiyo kwenye hesabu kabla hujalipia.

Nikawapeleka wote wawili yadi. Kaka akazunguka anatafuta yenye tundu. Dada akafungua buti, akapima kwa mikono, akakaa nyuma akavuta mikanda yote mmoja mmoja, mmoja ukagoma, akaikataa hiyo gari palepale. Ya pili, ya gia za mkono, haina turbo, akasema anataka kuiendesha yeye. Tumbo lile, siti ikasogezwa nyuma mpaka mwisho. Tukaingia barabara ya mashimo nyuma ya yadi, dada akapangua gia mbili, tatu, kona ya kwanza akaikata bila kupunguza sana. Kaka siti ya mbele kashika mpini wa juu ya mlango. Mimi nyuma nacheka.

Wameichukua. Juzi nampigia kaka anipitie twende Kigamboni, ananijibu nipande bodaboda, funguo anazo mama mtu.